Mshenga wa Katani na Ndoo Mbovu

Mzee Shebe alizikwa Ijumaa baada ya swala, hapa hapa Shinyanga mjini, na kwa jinsi watu walivyofurika ungedhani nusu ya mkoa imefunga maduka. Mimi ndivyo ninavyosimulia. Deogratias, ambaye amekuwa akinipunguzia hesabu zangu tangu tukiwa vijana, anasema walikuwa watu wa kutosha kwa msiba wa mtu mwema, basi. Nilimwona wanaume waliporudi kutoka makaburini. Alikuwa amesimama nje ya uzio akitafuta kandambili zake katikati ya viatu vya watu, mvi zimemjaa kichwani kama mtu aliyemwagiwa unga. Miaka mingi tulikuwa hatujaonana. Yeye alirudi kwao Ushirombo kulima na kulea, mimi nikabaki mjini na maneno yangu.

"Minza," akasema, bila hata salamu, "bado unaongea?"

"Na wewe bado unapunguza?"

"Napunguza kwa sababu wewe unaongeza."

Tukasogea kivulini, tukaletewa pilau. Deo akala kimya, maana yeye hata chakula hukila kama anatunza siri, kisha akanusa vidole vyake na kuniuliza kama ninakumbuka karakana ya marehemu ilivyokuwa inanukia. Nikakumbuka, tena kwa nguvu, hata tonge nikaliweka chini. Nilikotoka na nilizaliwa na nani, hayo nayaruka, hayana ladha. Mwaka ulionifanya niwe huyu mnayemwona ni ule mmoja, nikiwa msichana wa masomo ya jioni, nilipokuwa nikishinda kutwa nikiyeyusha ndoo za watu.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la Mzee Shebe, karibu na reli, bati lake limechomwa na jua hata mchana ungeweza kukaanga yai juu ya bawaba ya mlango. Mzee alikuwa mtu wa Pangani aliyekuja bara kuuza mabeseni na ndoo, akaoa, akazeeka, na akachoka kuona ndoo alizouza mwenyewe zimetupwa mitaroni zimepasuka. Akapata wazo. Ndoo mbovu zikatwe, ziyeyushwe, zichanganywe na nyuzi za katani, zishindiliwe kwenye kalibu kwa jeki ya lori, zitoke mbao. Mbao zisizooza, zisizoliwa na mchwa, na za kuokoa miti ambayo Usukuma hatunayo. Kila mtu alimwambia ni wazo zuri na hakuna aliyenunua. Mimi nilikata ndoo na kuchambua katani. Deo alisimamia pipa la kuyeyushia, akikoroga kwa mkono wa chuma mrefu kuliko mimi. Ndoo zilizolundikana pale uani zingetosha kuziba Ziwa Viktoria na bado zikabaki za kuogea.

Nilipanga kwa Mama Holo, mjane wa makamo mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyekwangua majani ya mkonge maisha yake yote. Nyumba yake ilikuwa pembezoni mwa mji, imezungukwa na ua wa mkonge, na chumba changu kilikuwa na kitanda, msumari wa kutundikia gauni, na dirisha lililotazama zizi la ndama. Alikuwa anasokota kamba, na majirani zake wakisokota naye. Mimi ndiye niliyempeleka Mzee Shebe kwake, maana mjini hapakuwa na katani nyingine ndefu, nyeupe na ya uhakika. Jioni nikirudi darasani nilimkuta ameniwekea ugali wa mtama na mlenda, au maziwa mgando na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, na siku za neema kipande cha sato. Na juu ya kila kitu, samli. Mama Holo aliweka samli kwenye uji, kwenye nywele zangu, kwenye visigino vyake, kwenye bawaba za mlango. Ningekaa sana kwake ningeteleza mpaka Mwanza bila kulipa nauli.

"Ng'wanone," alikuwa akiniambia, maana yake mwanangu, "mtu mkavu anavunjika."

Darasa letu la jioni lilikuwa kwenye shule ya msingi. Tulikalia madawati ya watoto, magoti yakifika masikioni, watu wazima wote: makondakta, mama wauza dagaa, askari mgambo mmoja aliyesinzia kwa nidhamu. Nilikuwa napenda kemia kuliko chakula, na hiyo ni kauli nzito ukinijua. Siku moja nilimuuliza mwalimu kwa nini mbao zetu, zikilowekwa, zinavimba na kupasuka. Kufika hapo tulikuwa tumeshaaibika. Mzee Shebe alikuwa amempata mteja kule machimboni Mwakitolyo, kijana mmoja aitwaye Lugoda mwenye mwalo, ile sehemu wanayooshea mchanga wa dhahabu, maji yakipita juu ya ubao ulioinama na dhahabu ikinaswa kwenye kipande cha zulia. Mbao za miti pale huoza upesi. Zetu zilitakiwa zidumu. Lugoda aliziweka, na baada ya muda akaja mwenyewe mjini na bodaboda, kipande cha ubao kimefungwa nyuma.

"Mzee wangu," akamwambia Shebe, "huu ubao umevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Wachimbaji wananicheka. Wanasema naosha dhahabu kwenye mkate."

Mwalimu alinichorea ubaoni. Uzi wa mmea, akasema, unapenda maji. Plastiki inayachukia. Ukizichanganya zinakaa pamoja kama watu wawili wasiosalimiana kwenye benchi moja la hospitali, na penye mwanya baina yao maji yanaingia, uzi unavimba, ubao unapasuka. Zinahitaji kitu cha tatu, chembechembe za plastiki iliyotiwa kemikali ikaota mikono, upande mmoja unashikana na plastiki na ile mikono inaushika uzi. Kesho yake nikasimulia karakanani, nikiongeza mikono na vidole na pete kwenye vidole.

Deo aliacha kukoroga. "Kumbe ni mshenga," akasema.

Mzee Shebe akacheka mpaka kofia ikahama. "Mshenga hasa. Wa kusema na wakwe wa pande zote mbili." Akampigia simu mpwa wake aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha plastiki Dar es Salaam, na baada ya siku kadhaa ukaja mfuko kwa basi, chembe za rangi ya majani makavu, zenye harufu kali ya kuchoma pua. Tangu siku hiyo ule mfuko uliitwa Mshenga, na Deo aliupa heshima zake. Aliuweka juu ya kiti.

Tulitia kiganja cha Mshenga kwenye kila pipa, tukaloweka ubao kwenye maji nyuma ya karakana, tukasubiri. Ukavimba. Tukaongeza. Ukavimba. Deo akauvunja kwa nyundo tukatazama ndani, na nyuzi zilikuwa zimechomoka nzima nzima, ndefu, safi, zinang'aa, zimeacha matundu yao kwenye plastiki kama sindano iliyochomolewa kwenye nguo. Hazikuwa zimeshikwa na mtu yeyote. Deo akasema labda Mshenga wetu ni feki. Mzee Shebe akarudi dukani, nasi tulijua kilichokuwa kinamsumbua. Jengo lile lilikuwa la familia. Ndugu zake walitaka chumba kiwe ghala la magodoro, na mchana mmoja tuliwasikia wakizungumza naye dukani, ukuta ukiwa mwembamba kama chapati.

"Kaka, magodoro hayavimbi."

"Nipeni mpaka mvua ziishe," Mzee akajibu kwa ile sauti yake ya upole ya watu wa pwani. "Lugoda amekubali kujaribu mara moja tena. Zikimshinda na safari hii, nawapa funguo mwenyewe, na wala msiniombe."

Nikamtazama Deo, Deo akalitazama pipa. Chumba kile kikifungwa, Mzee angerudi kukaa nyuma ya mabeseni akisubiri kufa, Deo angerudi shambani kabla hajataka, na mimi ningebaki na kemia isiyo na pa kufanyia. Niliwahi kusimulia kwamba siku ile tulilia wote. Hatukulia. Tulirudi kazini, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Wiki iliyofuata Mama Holo alikwenda Songwa kumuuguza dada yake, na katani ikatubakia kitita kimoja kisichotosha hata ubao. Deo akaenda sokoni akapata fungu dogo la katani wanayotumia mafundi wa dari za jipsamu, fupi, chafu, imejaa vumbi, ya kutosha mbao chache tu. Tukaichanganya kwa kununa. Ubao wake tukauloweka pamoja na mwingine wa zamani, na tulipoutoa, ule wa katani chafu ulikuwa vilevile, tambarare, mkavu ndani kama kuni. Deo aliupiga nyundo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ulipovunjika, nyuzi zilikuwa zimekatika zikiwa ndani ya plastiki, hazikuchomoka hata moja.

"Siku ile haikunukia," Deo akasema taratibu.

Na kweli. Tangu tuanze, kila tulipotia katani kwenye pipa la moto, karakana ilinukia kama jiko la harusi. Watu wa njiani walikuwa wanachungulia kuuliza kama tunauza maandazi, na sisi tuliona ni baraka. Mzee Shebe aliwahi kusema hakuna biashara mbaya inayonukia vizuri. Nilichukua kitita cha katani ya Mama Holo kilichokuwa kimebaki, nikakipitisha kwenye shavu langu, kikateleza. Nikakinusa. Ilikuwa samli. Alikuwa anaipaka katani yetu uzi kwa uzi, kwa mikono yake, ing'ae, na Mshenga wetu alipokuja kuushika uzi alikuta mafuta, akateleza, akaondoka. Deo alijaribu kuiosha kwa sabuni. Tukapata povu la kutosha kuosha Shinyanga nzima pamoja na Kahama, na samli ikabaki palepale.

Kumwambia ikawa kazi yangu, kwa sababu nilikuwa ninakula kwake. Alipotoka Songwa nilimpa siku ya kupumzika, nikampikia mimi, ambalo kwa wanaojua mapishi yangu halikuwa jambo la kumtuliza mtu. Tukiwa jikoni nikaanza kwa mbali, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, kule karakanani tunaona labda katani ikija kavu..."

"Kavu ya nini?"

"Bila samli."

Alikuwa anachambua karanga. Hakuinua uso. "Kamba ya kufungia ndama wangu naipaka. Kamba ya mtoto wangu naipaka, isimkwaruze. Mtu nisiyemjua, anapita na mzigo wake, huyo nampa kavu, namwambia safari njema." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Wewe unapita?"

Mimi, Minza, ambaye nimewahi kubishana na mkaguzi wa treni mpaka akanipa kiti chake, nilijivutia karanga nami nikaanza kuchambua. Nililala nikitazama msumari wa gauni langu. Sasa ninavyoelewa, hakuwa anaongea habari za katani. Alikuwa na watoto waliokwenda migodini Geita na hawakuwa wakileta hata salamu, na alikuwa ameamua, bila kuniuliza, mimi ni nani kwake. Samli ile ilikuwa njia yake ya kuandika jina.

Kesho yake asubuhi akaja karakanani mwenyewe, amejifunga kitenge cha kutokea, amesimama mlangoni kama hakimu. Deo akavua kofia. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye usiyetaka samli?"

"Mimi naitaka sana, mama. Ubao ndio hautaki."

Mzee Shebe akamletea kiti, kile kile cha Mshenga, akautua mfuko sakafuni, akamwagizia kahawa na kashata. Akamwambia, "Mama, kosa ni letu. Tulikuja kwako tukasema tunataka katani, hatukusema ya nini. Umetupa ya watu wa nyumbani. Nakushukuru, na naona haya." Kisha akamwonyesha mbao zote mbili zilizovunjwa. Mama Holo akakamata uzi mmoja kwenye ubao wa zamani, akauvuta. Ukatoka mzima, laini, kama unachomoa unywele kwenye siagi. Akaunusa. Akageukia ubao wa katani ya jipsamu, akakamata kishina cha uzi kwa kucha, akavuta, akavuta kwa meno. Kikakatika mdomoni mwake. Akakitema kwenye kiganja na kukitazama muda mrefu.

"Hiyo dawa yenu haipendi samli," akasema.

"Haipendi, mama."

"Basi haikulelewa vizuri." Akanywa kahawa yake yote, akainuka. "Haya. Kavu mtapata. Lakini kavu namuuzia mpita njia. Anayekuja kuichukua aje kama mpita njia."

Nilidhani anatania. Hakuwa. Asubuhi iliyofuata niliamka nikakuta mlango wa jikoni umefungwa. Ikabidi nitokee mlango wa nyuma, nizunguke nyumba niliyolala, nifike kwenye mwanya wa ua wa mkonge na kupiga hodi.

"Karibu. Unatokea wapi?"

"Hapo mjini, mama."

"Una shida gani?"

"Katani."

"Subiri hapo."

Akaniacha kwenye jiwe la nje huku nikisikia chai ikimiminwa ndani. Akaleta kitita, kavu kama maneno ya Deo, akapokea haki yake, akaniambia safari njema. Siku za kwanza niliisimulia karakanani nikiigiza sauti zote mbili, na Mzee Shebe alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanzu. Lakini jambo likirudiwa kila asubuhi linaota mizizi. Jioni chakula kilikuwepo, ugali ulikuwa ule ule, ila Mama Holo alianza kuniuliza, "Umeshiba?" kwa ile namna unavyomuuliza mgeni. Neno ng'wanone lilipungua, kisha nikagundua silisikii kabisa. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho, mbao mpya zilikuwa zimeshakwenda Mwakitolyo, nami nilikuwa nakata ndoo nikiwa na mioyo miwili. Nilitaka mbao zishike, kwa ajili ya Mzee. Na kulikuwa na dakika, nikiwa nimekaa kwenye lile jiwe, nilizotamani zivimbe kama mikate ya dunia nzima ili nirudi kuingilia mlango wa jikoni.

Tulikwenda Mwakitolyo sote watatu, Mzee akiwa amevaa kanzu safi katikati ya matope yale mekundu. Mashine za kusaga mawe zilikuwa zinaunguruma, watu wamefunikwa vumbi mpaka kope. Lugoda alitupeleka mwaloni. Maji yalikuwa yanapita juu ya mbao zetu kama yalivyopita kutwa kucha tangu aziweke. Akafunga maji, akang'oa ubao wa katikati, akapitisha kiganja juu na chini akitafuta uvimbe. Hakuupata. Akaomba nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, akauegemeza ubao kwenye gogo, akapiga. Ukaruka mzima. Akapiga tena, na wachimbaji wakasogea kuangalia, maana kule mtu akipiga kitu kisivunjike ni burudani. Ulipokubali hatimaye, sehemu iliyovunjika ilikuwa na vishina vifupi vifupi kama kidevu ambacho hakijanyolewa.

Lugoda akapapasa vile vishina. "Hii imekufa pamoja," akasema. "Nitengenezeeni za mialo yangu yote. Na huyu jirani, na yule kule, watakuja kwenu wenyewe."

Mzee Shebe alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu alikisahau humo, akaivaa tena. Deo akasema, "Si mbaya," ambayo kwa Deo ni hotuba. Njia nzima ya kurudi Mzee alikuwa anapanga kwa sauti ya chini pipa la pili litakaa wapi, na meza ya kukatia, na jinsi atakavyowaambia ndugu zake watafute kwingine pa kulaza magodoro yao.

Nilifika nyumbani Mama Holo akiwa anasonga ugali. Nikakaa kwenye kigoda nikamweleza kila kitu, kwa mara ya kwanza maishani bila kuongeza hata nukta.

"Kwa hiyo imeshika," akasema.

"Imeshika, mama."

"Na katani mtataka."

"Tutataka nyingi. Kila asubuhi."

"Kavu."

"Kavu."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Wakiendelea kuzipenda, miaka."

Akageuza ugali, akaupigapiga na mwiko, akaufunika. Asubuhi nikatokea mlango wa nyuma, nikazunguka, nikasimama kwenye mwanya wa ua, nikapiga hodi. Nikapiga tena. Nikasikia sauti yake kutoka jikoni, haina haraka.

"Katani iko kwa Mama Kulwa, nyumba ya pili. Ni yangu, nimeikwangua mwenyewe, lakini atakuwa anawauzia yeye."

"Kwa nini yeye, mama?"

Mlango wa jikoni ukafunguka. "Hapa kwangu hakuna mpita njia anayeitwa Minza," akasema. "Ingia, ng'wanone, chai inapoa."